Sijamaliza

Chuoni walimwita Kimya, na yeye hakuona ubaya wa jina hilo. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mwenyewe hakuweza kulitamka bila kukwama kwenye herufi ya kwanza.

Kigugumizi kilimwanza akiwa mdogo, kiasi kwamba hakuna mtu nyumbani aliyekumbuka siku alizoongea bila kukwama. Mama yao alipofariki, alilelewa na dada yake mkubwa, fundi cherehani, na tangu hapo dada akawa ndiye mdomo wake. Dada aliongea na walimu, dada alijibu simu, dada alieleza hospitalini ni wapi panapouma. Dada asipokuwepo, Kimya alijitegemea kwa namna yake. Dukani alijifunza kununua kile kinachotoka mdomoni, si kile alichotumwa. Akifuata maziwa, akifika kwenye "ma-ma-ma", muuzaji alikuwa keshamfungia mayai, naye alilipa akaondoka.

"Leo tena mayai?" shemeji yake, mume wa dada, alizoea kusema. "Bwana wee, ulimi wako una hisa kwenye banda la kuku."

Kimya alicheka, maana utani wa shemeji haukuwa na sumu, na shemeji huyohuyo ndiye aliyevaa ndala na kurudi dukani kufuata maziwa.

Kwenye kuandika, hata hivyo, aliwaacha wenzake mbali. Alimaliza shahada ya kwanza ya uhandisi wa ujenzi akiwa na alama za juu, akaomba nafasi ya uzamili, akakubaliwa, akapangiwa msimamizi ambaye wanafunzi walimwita Mama Zege.

Mama Zege alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mwendo wa mtu anayewahi basi hata akiwa anakwenda kujaza chupa ya maji. Alifundisha, aliongoza maabara ya vifaa vya ujenzi, alikaa kwenye kamati zisizohesabika, na karatasi nyingi alizisaini huku anatembea. Mwaka ule alikuwa ametoka kupandishwa cheo kuwa profesa. Idara nzima ilimwita Profesa, tena kwa kuvuta kidogo ili afurahi, isipokuwa Kimya, ambaye aliendelea kumwita Daktari. Mwezi wa kwanza Mama Zege alidhani kijana amesahau. Baadaye akahisi kuna kinyongo. Mwishowe akamuuliza mhadhiri mwenzake, "Hivi huyu mwanafunzi wangu ananidharau?"

Mwenzake alimwangalia kwa mshangao. "Mama, wewe hujawahi kumsikia akijaribu kutamka neno linaloanza na P?"

"Daktari" halikumuudhi tena Mama Zege tangu siku hiyo, ila aliona haya kwamba jambo la wazi namna ile lilikuwa limempita.

Kimya alikuwa anachunguza namna zege linavyokomaa. Zege likishamwagwa halikauki tu kama tope. Hukomaa polepole, na katika siku zake za mwanzo linahitaji kubaki na unyevu. Ndiyo sababu mafundi humwagilia nguzo na sakafu mpya kama watu wenye bustani. Lakini mahali ambapo maji yanabebwa kwa ndoo, zege hunyweshwa siku ya kwanza, siku ya pili likasahauliwa. Kimya alitaka kujua kama zege lililofungwa kwa karatasi ya nailoni, likabaki na unyevu wake lenyewe, lingekuwa na nguvu sawa na lile linalomwagiliwa. Alichanganya saruji, mchanga na kokoto, akafinyanga vipande vya mchemraba na vingine vyembamba kama vigae vinene. Baadhi alivifunga nailoni, baadhi alivimwagilia, baadhi aliviacha hivihivi. Vilipofikia umri wake aliviweka kimoja kimoja kwenye mashine ya kubana hadi vikapasuka, akaandika nguvu ya kila kimoja.

Kazi hiyo aliipenda. Zege halimwambii mtu afanye haraka.

Matokeo yalikuwa mazuri, lakini yalikuwa na mpaka. Vipande vinene, mfano wa nguzo, vilivyofungwa pande zote, vilikaribia kabisa nguvu ya vile vilivyomwagiliwa. Vile vyembamba, mfano wa sakafu, upepo ulipenya chini ya nailoni ukavikausha uso, vikawa vinachubuka kama mkate wa juzi. Kwa maneno mengine, nailoni inatosha, ila si kila mahali. Jengo zima linaweza kutegemea hilo "ila".

Kabla ya kuruhusiwa kuandika tasnifu, kila mwanafunzi wa uzamili alitakiwa kuwasilisha kazi yake kwenye semina mbele ya idara. Wiki ile mkuu wa idara, mtu mpole ambaye miwani yake ilining'inia kifuani muda wote, alimwita Kimya ofisini.

"Kijana wangu, tusitesane," alimwambia. "Andaa slaidi zako, mwenzako mmoja atasoma. Hakuna atakayekuhesabia vibaya."

Kimya alikubali hata kabla mkuu hajameza mate. Mama Zege alikutana naye kwenye korido, akamuuliza bila kusimama, "Ndivyo unavyotaka?" Kijana akainamisha kichwa kukubali. "Haya," akasema Mama Zege, akapinda kona.

Aliyepewa kazi ya kusoma alikuwa rafiki yake wa maabara, mtafiti wa udongo wa barabara, kijana mwenye roho safi na maneno yasiyo na nukta. Walimwita Redio. Siku ya semina Redio alisoma slaidi vizuri mno, akachombeza na vichekesho viwili vitatu, watu wakachangamka. Kisha mhadhiri mmoja, ambaye nje ya chuo alikuwa mshauri wa ujenzi wa shule, akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo mafundi wangu wanaweza kuacha kumwagilia kabisa? Nguzo, sakafu, kila kitu?"

Redio hakulijua jibu. Lakini Redio hakuwahi kukosa la kusema. "Kabisa, mzee! Nailoni tu, unafunga, unakwenda kulala."

Watu walicheka. Mhadhiri akachukua kalamu, akaandika.

Kimya alikuwa safu ya pili. Aliona ile kalamu inavyotembea, akasimama bila kujua amesimama. "Ha-ha-ha-"

"Hasa!" mhadhiri akamalizia kwa furaha. "Mwenye kazi mwenyewe anathibitisha."

"Ha-ha-"

"Hakika," akasaidia mwingine kutoka nyuma, kama mtu anayetegua kitendawili. Mmoja akapiga makofi ya kumtia moyo, wengine wakamfuata. Neno lilikuwepo, fupi, la silabi tatu, na lilikataa kutoka.

"Asante, asante, keti kijana wangu," akasema mkuu wa idara kwa huruma. "Tumeelewa."

Kimya akaketi. Mama Zege alijaribu kusema kwamba matokeo yale yana mipaka, lakini kompyuta ilikuwa imeshachomolewa, anayefuata anatafuta waya, na watu wanageukiana kuzungumza. Aliinuka akamfuata yule mhadhiri nje.

"Sakafu mwagilia," alimwambia. "Usije ukaacha."

"Mbona mwenye kazi kasema hasa?"

"Alikuwa anasema hapana."

Mhadhiri alimtazama, akatoa karatasi mfukoni, akafuta alichoandika.

Kesho yake asubuhi Mama Zege alimkuta Kimya maabara, anasugua viunzi vya chuma vya kumwagia zege, ambavyo tayari vilikuwa safi. Akavuta kigoda akakaa. Kumwona Mama Zege amekaa lilikuwa jambo geni, hata fundi wa mashine alichungulia mara mbili.

"Yule mhadhiri nimemwambia, amefuta," akaanza. "Lakini ukumbi ulikuwa umejaa, na mimi nimemwambia mtu mmoja. Sasa nina swali. Mimi nami huwa nakumalizia maneno?"

Kimya aliacha kusugua. "Nd-nd-ndiyo."

"Na huwa napatia?"

Kijana alifikiri kwa uaminifu wa mtu aliyezoea kusoma vipimo. "Nu-nusu."

Mama Zege aliangua kicheko, kisha kikamkatikia njiani. "Nusu," akarudia. "Mashine ikinipatia nusu naitupa nje." Akasogeza kigoda karibu. "Basi niambie. Unahitaji nini?"

Swali hilo Kimya hakuwahi kuulizwa. Watu walimwambia anachohitaji. Walimwambia avute pumzi, atulie, aimbe, aweke kokoto mdomoni. Alisimama pale na brashi mkononi. "Mu-mu-mu-"

"Msaa-" akaanza Mama Zege, akajiziba mdomo kwa kiganja. Bomba lilikuwa linadondosha maji kwenye karo. Mashine ya chumba cha pili ilizimwa, ikawashwa tena.

"...muda," akasema Kimya. "Na wa-wasinimalizie."

"Hayo mawili nayaweza," akasema Mama Zege. "Nitayafuatilia. Kuongea ni kwako mwenyewe. Sitakusemea, na sitakulazimisha. Ukitaka tena mtu akusomee, atakusomea na mimi nitasaini. Ila iwe umechagua. Jana hukuchagua, ulikimbia. Na mimi nilikuona unakimbia, nikakupisha njia kwa sababu nilikuwa na haraka."

Wakapanga kuonana mara moja kila wiki, mlango umefungwa, simu imezimwa. Kusubiri kulimtesa Mama Zege kuliko alivyotarajia. Mwanzoni alitafuna kalamu hadi zikapasuka. Halafu akagundua machungwa: alilimenya moja polepole, ganda lisikatike, wakati Kimya anapigana na sentensi yake, na wakimaliza wanagawana. Kuna siku waligawana matatu.

Kwenye kazi yenyewe hakumpunguzia hata punje. Sura ya tatu ilirudi imejaa wino mwekundu kama pamechinjiwa kuku juu yake. "Unaniambia upepo ulikausha vipande," alimfokea. "Upepo gani? Wa kasi gani? Umeupima? Au uliuona kwa macho?" Kimya hakuwa ameupima. Akalazimika kufinyanga vipande upya, akaviweka karibu na dirisha kubwa la maabara lisilo na kioo, akaazima kipima upepo kutoka idara ya jirani, na akasubiri zege likomae tena tangu mwanzo. Alinuna wiki nzima. Lakini ndani ya kununa kulikuwa na raha fulani, kwa sababu hivyo ndivyo Mama Zege alivyomfokea Redio pia, na kila mtu.

Kanuni za chuo zilitoa dakika ishirini za kutetea tasnifu, baada ya hapo maswali. Mama Zege aliomba kamati ya masomo ya uzamili imwongezee Kimya muda, na mwenyekiti wa kikao awaambie watahini wasimkatishe. Mjumbe mmoja akapinga.

"Tukimpa huyu, kesho wote watakuja na kigugumizi."

"Waje," akajibu Mama Zege. "Atakayeweza kuigiza kigugumizi asubuhi nzima mbele ya mtahini wa nje, mimi nitampigania apewe shahada ya maigizo."

Kicheko kilipopoa, mkuu wa idara alivua miwani aliyokuwa amekumbuka kuivaa siku hiyo. "Mimi ndiye niliyempa mtu wa kumsomea," alisema. "Nilidhani namtua mzigo. Ombi hili naliunga mkono, na kikao hicho nitakiongoza mwenyewe." Likapita.

Habari zikafika nyumbani, na hapo likazuka jingine. Siku chache baadaye dada yake Kimya alibisha hodi kwenye ofisi ya Mama Zege, utepe wa kupimia ukiwa bado unaning'inia shingoni, maana alikuwa ametoka kwenye cherehani moja kwa moja.

"Karibu, dada, kaa."

"Mimi, mwalimu, si mtu wa maneno mengi," akasema dada, kisha akaongea bila kupumua. Alisema alivyomlea yule mtoto tangu hajaota meno ya ukubwani. Alisema mtoto alivyokuwa akitapika kila siku ya kusoma kwa sauti darasani. Alisema watoto walivyomwita cherehani mbovu, na yeye, fundi, lilivyomchoma mara mbili. "Mkuu wenu alimpa nafuu," akamalizia. "Wewe umeiondoa. Amekukosea nini?"

"Sijaiondoa," akasema Mama Zege. "Ipo palepale. Mdogo wako yuko hapo chini, tumwite tumuulize."

Kimya alikuja na mikono yenye saruji hadi kwenye viwiko. Alipomwona dada yake alisimama mlangoni.

"Mwambie mwalimu," dada akaanza, "kwamba wewe hutaki haya mambo ya-"

"Dada yangu," akasema Mama Zege kwa upole, "naomba tusubiri."

Wakasubiri. Dada alikuwa hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Aliukunja utepe wake, akaukunjua, akaukunja. Midomo yake ilicheza pamoja na ya mdogo wake kama mama anayemlisha mtoto. Machozi yakamtoka kabla neno halijamtoka Kimya.

"Na-nataka ku-ku-kusema mwenyewe," akasema Kimya. "Wa-walisema ha-hasa. Mi-mimi nilikuwa nasema ha-ha-hapana."

"Hasa ndiyo nini tena?" dada akauliza huku anajipangusa.

Mama Zege akamsimulia kisa cha semina. Dada alisikiliza hadi mwisho, kisha kikamtoka kicheko kilichochanganyika na kilio. "Hata mimi," alisema, "Mungu anisamehe, hata mimi ningesema hasa." Alimtazama mdogo wake muda mrefu. "Siku hiyo ya kutetea, watu wa nyumbani wanaruhusiwa?"

"Milango iko wazi," akasema Mama Zege. "Njoo. Ila mdomo uache kwako."

Redio naye alikuja maabara na uso wa mtu aliyevunja sahani ya wenyewe. Aliomba radhi kwa maneno mengi, kisha akajiteua kuwa mtahini mkatili. Alivaa koti la suti lisilomtosha, akaketi juu ya meza, akamuuliza Kimya maswali ya kuudhi, na kwa mara ya kwanza maishani akajifunza kunyamaza baada ya kuuliza. Kwenye semina za idara Mama Zege aliweka utaratibu kwamba aliyeuliza anasubiri jibu. Mwanzoni ukimya ulikuwa mzito, watu wakikagua kucha zao. Baada ya majuma kadhaa wakazoea.

Si kwamba Kimya alipona. Kuna siku aliongea vizuri, hata akasahau. Kuna siku alikwama kwenye slaidi ya kwanza, jasho likamchuruzika, akaomba kwa ishara aketi, akaketi. Siku hizo Mama Zege hakumpa pole wala mawaidha. Alimwambia, "Wiki ijayo, basi," akaendelea na anayefuata. Nyumbani Kimya alisema neno moja tu, "Vi-vibaya," na shemeji akamsogezea kiti cha mbele ya televisheni, ambacho kwa kawaida hakumwachia mtu.

Siku ya utetezi ikafika, asubuhi yenye joto, madirisha ya ukumbi mdogo yakiwa wazi yote. Mtahini wa nje alikuwa mzee mrefu kutoka chuo kingine, msomi anayeheshimika, na tasnifu ya Kimya aliyokuja nayo ilikuwa imebandikwa vikaratasi vya rangi kila upande. Mkuu wa idara alifungua kikao, akasema bila kuzunguka, "Mtahiniwa ana kigugumizi. Majibu yake yanasubiriwa hadi mwisho." Mtahini akakubali kwa kichwa. Alikuwa mtu mwema, ila mazoea yana taabu.

Kimya aliwasilisha. Kwenye neno "kukomaa" alikwama kwa muda ambao nje mtu alimaliza kuegesha gari lake, akatoka na kulifunga. Kisha neno likatoka, akaendelea. Alikwama pengine pengi. Dada, safu ya mwisho, alikuwa ameuziba mdomo kwa pindo la mtandio. Redio, kando yake, alishika magoti yake mwenyewe.

Yakaja maswali. Mawili ya kwanza yalikwenda salama. La tatu, mtahini alifungua penye kikaratasi cha njano.

"Vipande hivi vya safu ya mwisho vilipasuka mapema mno kuliko wenzake. Ni nini? Ulikosea kuchanganya?"

"Nilik-nilik-nilik-"

"Nilikosea," mtahini akasema, na kalamu yake ilikuwa tayari inaandika. "Si neno. Ni uungwana kukiri."

Msimamizi haruhusiwi kusema lolote kwenye utetezi wa mwanafunzi wake. Mama Zege alijua kanuni hiyo kuliko wote, maana aliwahi kuwakemea wengine walioivunja. Alibana meno, akakazia macho ubao wa meza. Vile vipande vya safu ya mwisho ndivyo vilivyokaa dirishani penye upepo. Vikihesabiwa kuwa makosa ya mwanafunzi, ule mpaka unafutika, na tasnifu nzima inasema kile alichosema Redio.

Kimya aliiona kalamu. Alifunga macho, akayafumbua.

"Si-si-sijamaliza."

"Jibu bado linaendelea," akasema mkuu wa idara.

Mtahini aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Nilik-ku-kusudia," akasema Kimya. "Ni-niliviweka dirishani, pe-penye upepo, ma-makusudi. Ili nione nailoni i-inashindwa wapi."

Lilichukua muda, na hakuna aliyelisogeza. Mtahini alitazama alichokuwa ameandika, akakipiga mstari. "Samahani," alisema. "Nilikurukia." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtahini kweli, akauliza gumu zaidi. "Upepo wa kasi gani?"

Kimya akamtajia, kwa kila siku, asubuhi na jioni.

Waliendelea hadi saa ya chakula ikapita. Aliulizwa zege lililofungwa hivyo litakuwaje baada ya miaka kumi, akasema, "Si-sijui," na mtahini akasema hilo ni jibu zuri kuliko mengi aliyoyasikia mwaka ule. Aliulizwa kuhusu saruji za aina nyingine, akajibu nusu, nusu akakubali kwamba hakufika huko.

Watahini wakawatoa wengine nje ili wajadiliane. Kwenye korido Redio aliongea mfululizo, na kwa mara ya kwanza wote walishukuru. Mlango ulipofunguliwa, mkuu wa idara aliwaita, akatangaza kwamba mtahiniwa amefaulu, kwa masharti ya marekebisho: sura ya tano iandikwe upya, grafu mbili zichorwe tena, na dai moja kuhusu nguzo lipunguzwe ukali.

Dada alimshika mkono Mama Zege. "Marekebisho ni kwamba amefeli?"

"Hapana, dada. Nguo imeshonwa na inavaliwa. Bado upindo na nyuzi zinazoning'inia."

"Aa," akasema dada, uso ukimfunguka. "Hiyo kazi ya jioni moja."

Haikuwa ya jioni moja. Ilimchukua Kimya miezi miwili, na Mama Zege alimrudishia sura ya tano mara tatu. Ombi lile lililopita kwenye kamati likageuzwa kuwa kifungu cha kudumu, kwamba mtahiniwa mwenye tatizo la kusema au kusikia aongezewe muda bila kubembeleza. Mwaka uliofuata kilimfaa mwanafunzi wa umeme ambaye masikio yake yalikuwa hayasikii vizuri, na ambaye Kimya hakuwahi kuonana naye.

Siku hizi Kimya anafanya kazi kwenye maabara ya kupima vifaa vya ujenzi. Simu bado anazichukia, kwa hiyo anaandika ujumbe. Mara kwa mara anatumwa kukagua kazi inakojengwa. Juzi alikuwa juu ya ghorofa ambayo sakafu yake ilikuwa imemwagwa siku iliyotangulia, jua likichoma, mafundi wamemzunguka na ndoo zao. Alitaka kuwaeleza kwa nini nailoni peke yake haitoshi pale, na neno la kwanza likamshika vibaya mno. Alinyoosha kidole kuomba wamsubiri.

"Usiwe na wasiwasi, injinia," akasema fundi mkuu, akigeuza ndoo yake na kuikalia. "Sisi hapa tunalipwa kwa kutwa."

Wote wakacheka, Kimya akiwa wa kwanza, na alipomaliza kucheka akaanza kueleza.